Siku Kijiji Kilipoombea Choo cha Mdogo Wangu

Mdogo wangu alikuwa na chumvi mwilini, na wala sisemi kwa mafumbo. Ukimbusu shavuni, midomo yako ilibaki na ladha kama umeonja mchuzi wa mpishi aliyesahau kwamba ameshatia chumvi mara mbili. Jua likiwaka, paji la uso wake lilifanya vumbi jeupe, nasi tukalipangusa kwa kidole na kulionja kwa utani.

Mbuzi wetu walilijua jambo hilo kabla ya daktari yeyote. Akiketi mbele ya nyumba, mbuzi jike wa Mae, mama yetu, alikuja kumlamba mikono, shingo, mpaka nyuma ya masikio, naye akicheka hadi anaanguka chali. Mbuzi wa jirani walipopata habari nao wakaja. Ilibidi nimchunge mdogo wangu dhidi ya mbuzi, badala ya kuchunga mbuzi.

Tuliishi Izigo, kijiji cha Wahaya karibu na ziwa, katikati ya kibanja cha migomba na mibuni, miaka michache kabla Waingereza hawajaondoka. Tulikuwa watu watano: Tata, baba yetu, aliyekuwa mwalimu wa shule ya misheni na mtu wa heshima nyingi, Mae, bibi aliyemzaa Tata, mimi, wa miaka kumi na mmoja, na mdogo wangu, wa miaka saba ingawa kwa umbo ungempa minne.

Mtoto yule alikuwa anakula, nanyi niaminini. Alimaliza ndizi na maharage yake, akamaliza yangu, akakomba sufuria, kisha akauliza jioni tutakula nini. Lakini miguu yake ilibaki myembamba kama fito, na tumbo lake limejaa na kuvimba kama la mzee wa baraza. Bibi alisema chakula kinapita ndani yake kama msafiri asiyelala njiani. Baadaye nilikuja kujua kwamba alikuwa amekaribia ukweli kuliko sisi wote.

Na alikuwa anajamba. Samahani, hakuna namna nyingine ya kulisema. Ushuzi wake ulikuwa na uzito, uliingia chumbani na kuketi. Jumapili moja, kanisani, mwinjilisti alipotuambia tufumbe macho tutafakari dhambi zetu, mdogo wangu aliachia mmoja wa kimyakimya, wa aina mbaya kuliko zote. Mzee wa kanisa aliyeketi mbele yetu alifumbua macho, akageuka polepole, akamtazama mkewe. Yule mama alikataa kwa kichwa. Walirudi nyumbani bila kusemeshana.

Kwa sababu mdogo wangu aliogopa shimo la choo, haja kubwa aliifanyia nyuma ya migomba, juu ya jani, na kazi ya kufukia kwa jembe ilikuwa yangu. Kwa kazi hiyo nilipata elimu ambayo hata Mae hakuwa nayo. Nilijua kwamba kinyesi chake kilikuwa kingi kuliko cha mtu mzima, cheupe-cheupe, na kilipaka jani mafuta likang'aa. Siku ya mvua kubwa nilikiona kikielea kwenye dimbwi kama mtumbwi. Nilimwita mtoto wa jirani aje kutazama. Naye alikubali kwamba hajawahi kuona kitu kama kile.

Basi ukafika msimu wa senene.

Kwa asiye wa kwetu, niseme tu kwamba senene ni aina ya panzi, wa kijani au wa kahawia, wanaotua kwa wingi mwezi wa Novemba, na Mhaya akiwaona husahau hata msiba. Alfajiri, umande ukiwa bado kwenye nyasi, sisi wanawake tulitoka na vikapu kuwaokota. Tulinyonyoa mabawa na miguu mpaka vidole vikafanya weusi, tukawakaanga kwa mafuta yao wenyewe. Kisha wanaume wakala. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi: mwanamke akusanye, mwanamke anyonyoe, mwanamke akaange, mwanamume ale. Bibi ndiye aliyekuwa mlinzi wa desturi hiyo nyumbani kwetu.

"Msichana akila senene," alituambia kila mwaka, akitunyooshea kidole, "atazaa mtoto mwenye kichwa cha senene."

Mdogo wangu alitafakari jambo hilo, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mtoto mwenyewe ataweza kuliwa?"

Mwaka ule senene walikuwa wengi mno. Mae alikaanga kwa haraka, wengine wakiwa bado na miguu, akajaza kikapu cha Tata na kukining'iniza ndani. Harufu ilitufuata mpaka kibanjani. Mchana, Mae akiwa kisimani na bibi akiwa amesinzia, au tulivyodhani, nilipanda juu ya kinu nikakishusha kikapu. Mimi nilikula konzi moja na nusu. Mdogo wangu alikula wengine wote aliowaweza kabla sijaogopa na kumnyang'anya, na hapo walikuwa wamebaki wa kufunika chini tu. Nilitandika majani makavu ya mgomba chini, nikamimina senene juu yake ili kikapu kionekane kimejaa.

Jioni Tata alitia mkono akagusa majani.

"Senene wamepungua," alisema.

"Wakipoa husinyaa," bibi alijibu upesi, kabla mtu hajamwuliza.

Nilishangaa bibi kututetea, lakini sikuona haja ya kuchunguza.

Siku mbili zilipita. Siku ya tatu asubuhi Mae alisimama katikati ya nyumba, akavuta pumzi, akasema, "Mbona leo nyumba ina hewa nzuri?"

Tukatazamana. Kisha Mae akakunja uso na kukimbilia kitandani kwa mdogo wangu. Tangu jana yake mtoto hakuwa amejamba hata kidogo. Hakuwa amekwenda nyuma ya migomba pia, nami niliyefurahia mapumziko ya jembe sikuwa nimemwambia mtu. Alilala amejikunja, tumbo limekaza kama ngoma iliyoanikwa juani, na Mae alipomgusa alilia. Uji alioletewa aliukataa. Mtoto yule kukataa uji! Bibi aliketi chini palepale. Kabla jua halijapanda alitapika kitu cha kijani, na Tata akatoka kuita wanaume.

Walimbeba kwa machela, wanaume wanne wakipokezana, kupanda mlima kwenda hospitali ya misheni. Tata alitangulia na baiskeli yake akiikokota, maana alisema kuipanda wakati mtoto anabebwa si adabu. Mae, bibi na mimi tulifuata nyuma. Njia nzima nilikuwa nafanya hesabu moja: nikisema, nitachapwa, nisiposema, atakufa. Nilipofika kilele cha mlima nilikuwa nimeshaamua kusema, lakini si sasa hivi.

Daktari alikuwa mama wa Kizungu, mrefu, ambaye Kiswahili chake kilitoka moja kwa moja kwenye Biblia. Alimbonyeza mdogo wangu tumboni, akasikiliza kwa mipira ya masikioni, kisha akamgeukia Tata.

"Tangu siku ya ngapi tumbo lake limefungwa? Na je, upepo hutoka?"

Tata alitazama dirishani. "Leo upepo unatoka ziwani, mama daktari."

"Siyo upepo wa ziwa. Upepo wa mtoto."

Tata alikohoa. Mtu wa heshima yake, aliyevaa koti na tai ili kumsindikiza mgonjwa, hakuwa na neno la kutumia mbele ya mama wa Kizungu. Alimgeukia bibi, asiyejua Kiswahili, akamtafsiria kwa Kihaya kwamba daktari anauliza kama mtoto amepumua vizuri. Bibi akajibu kwamba amepumua. Tata akamwambia daktari kwamba upepo hutoka.

Hapo sikuweza kuvumilia. "Hautoki!" nilisema. "Ulikuwa unatoka kila siku, unatoka sana, hata kanisani, lakini tangu jana hautoki. Na choo pia hakitoki. Kwa kawaida ni kingi, kina mafuta, na kinaelea."

Daktari aliweka chini mipira yake. "Kinaelea?"

"Kama mtumbwi, mama daktari. Nina shahidi."

Tata alifumba macho. Lakini daktari alinijia karibu, akachuchumaa mbele yangu kana kwamba mimi ndiye daktari na yeye ndiye mgeni. Aliniuliza juu ya rangi, wingi na harufu, nami nilimjibu yote, maana hakuna mtu aliyewahi kuniuliza kuhusu kazi yangu. Kisha akafanya jambo lililotushangaza sote. Alipitisha kidole kwenye paji la uso la mdogo wangu, akakilamba.

"Hata mbuzi wetu hufanya hivyo," nilimwambia, ili asione haya.

Alikifuta kidole chake kwenye koti. "Mbuzi wenu," alisema, "wana akili kuliko madaktari wengi." Kisha akauliza swali nililokuwa naliogopa tangu bondeni. "Kabla ya kufungwa, alikula nini?"

"Ndizi na maharage," alisema Mae.

"Na uji," alisema Tata.

Mdogo wangu alinitazama kutoka kitandani. Macho yake yalikuwa makubwa na hayakuniomba kitu.

"Senene," nilisema. "Kikapu kizima. Wengine walikuwa na miguu. Mimi ndiye niliyekishusha."

Mae aliweka mkono kinywani. "Mawe!" alisema, ndio mshangao wetu Wahaya. Tata alitafsiri kwa bibi, safari hii bila kupunguza neno, akanigeukia na uso ambao wanafunzi wake waliufahamu vizuri.

"Kikapu changu kizima? Kile kilichojaa mpaka juu?"

"Tata, hakikuwa mpaka juu," nilisema. "Tulipokishusha tulikikuta kimeshafika nusu."

Mae alimtazama Tata. Tata alimtazama Mae. Kisha wote wawili, polepole, wakamgeukia bibi, ambaye alikuwa anachunguza dari kwa makini sana.

"Mimi nimeshamaliza kuzaa," bibi alisema hatimaye.

Daktari alitaka atafsiriwe. Tata alikataa.

Matibabu yalianza. Daktari alisema utumbo wa mtoto umezibwa na chakula kisichosagika, kizito kama udongo wa kufinyangia, na kama hautafunguka kwa dawa atalazimika kumpasua, jambo ambalo hakulitaka kwa mtoto mwembamba kiasi kile. Walimwekea maji ya chumvi mshipani. Walimnywesha mafuta kwa mpira uliopita puani, na kumwingizia mengine kwa mpira uliopita upande wa pili. Bibi aliposikia kwamba yanaitwa mafuta ya parafini alipiga kelele kwamba wanamtia mjukuu wake mafuta ya taa, na asitokee mtu wa kuwasha kiberiti karibu yake. Muuguzi ilibidi anywe kijiko kimoja mbele yake ndipo akatulia.

Siku ya kwanza hakuna kilichotoka. Habari zilifika Izigo, na siku ya pili asubuhi majirani walipanda mlima, wanaume kwa wanawake, na ndizi zao vichwani. Waliketi kwenye nyasi nje ya wodi. Mwinjilisti naye alikuja, akasimama barazani, akavua kofia. Aliyekuwa anaombewa alikuwa mtoto wa mwalimu, na kilichohitajika kilikuwa dhahiri kwa kila mtu. Lakini utakitajaje mbele za Mungu, na wanawake wapo?

"Bwana," alianza, "wewe uliyeigawanya Bahari ya Shamu..."

"Amina," watu wakaitikia.

"Wewe uliyeziangusha kuta za Yeriko, uliyeufungua mlango wa gereza, uliyeliviringisha jiwe kaburini. Bwana, liko jiwe. Twakusihi, uliondoe. Fungua njia, Bwana. Yale yaliyo ndani yapate kuwa nje..."

Bibi, aliyekuwa amepiga magoti karibu na mlango, alichoka. "Mwambie wazi!" alipaza sauti kwa Kihaya. "Mungu ana kazi nyingi, usimzungushe! Mwambie mtoto anataka kunya!"

Mama mmoja nyuma aliangua kicheko, akajifanya anakohoa, na mwenzake akajifanya anampiga mgongoni. Mwinjilisti alifuta jasho. "Bwana," alisema, "umesikia."

Nakumbuka kwamba hatukusema amina. Tulikuwa bado tumeinamisha vichwa, na mimi nilikuwa naomba peke yangu, nikiahidi kwamba nitafukia bila kunung'unika mpaka nizeeke, ndipo sauti ikatoka ndani ya wodi. Ilianza nyembamba, kama mtu anayevuta mlango wenye bawaba kuukuu. Ikanenepa. Ikaendelea. Ikakatika, tukadhani imekwisha, ikaanza tena kwa nguvu mpya, ikamalizika kwa mlio kama wa ng'ombe anayekata kamba.

Kisha muuguzi akatokea mlangoni, beseni mkononi, aproni imeharibika, machozi yakimtoka, sijui kwa furaha au kwa harufu.

"Imefunguka!" alisema. "Inakuja! Leteni beseni jingine!"

Wanawake walipiga vigelegele. Mwinjilisti alianzisha wimbo wa Pasaka, ingawa tulikuwa tunakaribia Krismasi, na watu wakaupokea kwa sauti zote nne. Yule mzee wa kanisa, ambaye kwa wiki kadhaa hakuwa ameelewana na mkewe, sasa alitambua sauti na harufu, akampigia magoti mama wa watu palepale kwenye nyasi. Tata, mwalimu, mtu wa koti na tai, alilia waziwazi kama mtoto. Nilipoingia wodini, mdogo wangu alikuwa amelala chali, midomo imepauka, jasho linamtiririka.

"Kuna chakula?" aliniuliza.

Daktari alituita kesho yake. Alichora tumbo kwenye karatasi, na nyuma ya mfuko wa chakula akachora kitu kirefu kama jani: kongosho. Alisema kongosho hutoa maji ya kusagia mafuta na vyakula vingine, lakini la mdogo wangu limeziba kwa ute mzito tangu alipozaliwa, kwa hiyo anakula na kula na chakula kinatoka karibu kama kilivyoingia. Ute huohuo, alisema, ungeweza kumsumbua kifuani pia. Kupona kabisa hakuna. Lakini apewe chumvi, apewe maji, ale mara nyingi. Na ipo dawa ya unga, iliyotengenezwa kwa kongosho za wanyama. Ataiagiza Ulaya, itakuja kwa meli mpaka Bukoba. Wakati tunasubiri, tumpe kongosho la ng'ombe, bichi, lililokatwakatwa vipande vidogo.

"Na senene?" Tata aliuliza, sauti kavu.

"Senene kidogo tu, bila miguu," alisema daktari. "Desturi mtajua wenyewe."

Basi Tata alikwenda kwa mchinjaji wa sokoni kuomba kongosho. Kwetu kila kiungo cha ng'ombe kilikuwa na mwenyewe, huyu paja, yule ubavu, lakini kongosho halikuwa la mtu, na mchinjaji hakujua Tata anataka nini. Alimpa bandama. Siku nyingine akampa figo. Mwishowe Tata alichukua chaki yake ya shuleni akachora ng'ombe mzima ubaoni pa kukatia nyama, na viungo vyake vyote vya ndani, wateja wakamzunguka wakajifunza. Mchinjaji aliangalia, akasema, "Kumbe hilo! Hilo huwa nampa mbwa." Tangu siku hiyo mbwa wake alimchukia Tata, na alikuwa akimngoja njiani.

Mdogo wangu alikula kongosho bichi kwa muda wa miezi miwili bila hata kukunja uso. Kilichotutapisha sisi yeye alikiomba nyongeza.

Dawa ilipofika, katika kopo la bati, Tata alitaka kuwaonyesha majirani ili wasiseme ni uchawi. Alipikisha uji wa ulezi mzito, mzito kiasi kwamba mwiko ulisimama peke yake. Akanyunyiza kijiko cha unga, akakoroga, akatuambia tusubiri. Watu walikaa wakizungumza habari za kahawa. Baadaye kidogo mwiko ukainama. Ukaendelea kuinama, ukalala ukingoni, na Tata alipoinua sufuria, ule uji ulimiminika kama maji. Majirani wote walirudi hatua moja nyuma. Sasa ndipo waliposema ni uchawi.

Bibi peke yake alisogea, akachungulia ndani ya kopo.

"Dawa hii ina meno," alisema. "Tumpe."

Haikuwa kazi rahisi. Ukichelewa kula uji uliotiwa dawa, ulikuwa maji. Ukizidisha unga, mdomo wake ulifanya vidonda pembeni. Mara mbili zaidi tumbo lilifunga, na mara mbili tulipanda mlima, ingawa safari hizo hatukuwa na mwinjilisti. Lakini alinenepa kidogo mashavu. Alikwenda shule. Alipofika miaka kumi na saba alikaa Bukoba mjini, akashona nguo kwenye baraza la duka la Mhindi mmoja, ambaye mkewe alimpenda kwa sababu alikuwa mtu wa kwanza kumaliza kila kitu alichompikia. Yule mama alikuwa akiweka sahani ya nne mbele yake na kumwita mumewe aje kutazama.

Kifua ndicho kilichomchukua, miaka kama kumi baada ya Uhuru, akiwa na ishirini na mbili. Yule mama daktari alikuwa ameshatuambia toka mwanzo, lakini kuambiwa hakukutusaidia siku yenyewe. Mazishini mchinjaji alikuja na nusu ya ng'ombe, akakataa kushukuriwa.

Jina la ugonjwa nililisikia nikiwa na wajukuu, hospitalini, kutoka kwa daktari kijana aliyekuwa akimhudumia mtoto wa watu wengine. Ni jina refu, na sijawahi kulitamka sawasawa. Mama wa yule mtoto alikuwa ameketi kwenye benchi, amejifunika uso kwa khanga, kwa sababu mwanawe alikuwa ametoka kuujaza ushuzi ukumbi mzima wa kungojea na watu walikuwa wanahama viti. Nilikwenda nikaketi karibu naye. Nikamwuliza kama mtoto ana chumvi. Alishusha khanga, akanitazama, akasema ndiyo, umejuaje, na tukazungumza mpaka walipomwita.